Makaa ya Magunzi na Maji Yetu: Yanashika Nini, Yanaacha Nini
Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Migori na Homa Bay

  Tutasema kwa Kiswahili ili Mjaluo, Mkuria na Msuba tusikizane pamoja, na pale neno litakapokuwa gumu, jirani amsaidie jirani.

Leo tumeombwa tuseme juu ya takataka. Tumezoea kuja kwenu na habari za mbegu, mbuzi wa maziwa na daftari la hesabu za kikundi. Lakini siku hizi tukifika popote, iwe Rongo, Awendo, Mbita au Kendu Bay, watu wanatuuliza habari ya maji. Na wengi mmesikia kwamba magunzi ya mahindi, maganda ya mpunga, makapi ya miwa, gugu maji na hata mifupa vinaweza kuchomwa vikawa kitu cha kusafishia maji. Mmesikia kweli. Wengine mmeshaanza, na tumeona ndoo zenu.

Swali lenyewe lilitoka kwa kikundi kimoja cha akina mama wa upande wa machimbo ya dhahabu. Walitengeneza chujio la ndoo mbili, mchanga na makaa ya magunzi. Maji ya kidimbwi yaliingia yakiwa rangi ya chai ya maziwa, yakatoka meupe, hayana harufu. Wakatuuliza: je, sasa watoto wanywe? Swali hilo ndilo tutakalolijibu leo, lakini jibu lake lina safari kidogo. Mtuvumilie.

Tuanze na kazi ya makaa. Ukichovya sifongo ndani ya maji, maji yanaingia katikati yake. Huko ni kunyonya. Makaa hufanya kazi nyingine: uchafu unanata juu ya uso wake, kama vumbi linavyonata kwenye ukuta uliopakwa samli. Basi nguvu ya makaa iko kwenye ukubwa wa uso. Unapochoma gunzi pasipo hewa, vitu vinavyogeuka moshi vinatoka na kuacha vijishimo vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na kuta za vijishimo hivyo vyote ni uso. Makaa yanayotengenezwa viwandani kwa kazi hii hupitishiwa mvuke katika joto la nyuzi 800 hadi 900 hivi, ili vijishimo vifunguke zaidi. Tuyaite makaa yaliyoamshwa. Gramu moja yake inaweza kuwa na uso wa mita mraba 1,000. Kwa hiyo kijiko kimoja au viwili vina uso sawa na uwanja wa mpira. Msicheke, wamepima.

Makaa yetu ya kijijini hayafiki huko. Pipa letu halifiki joto hilo, wala hatuna mvuke wa kupitisha. Huko maabara wengine huloweka maganda ndani ya asidi au chumvi kali kabla ya kuchoma, na makaa yanatoka na nguvu sana. Sisi tunawakataza jambo hilo kabisa. Asidi kijijini itachoma mikono ya mama na macho ya mtoto kabla haijasafisha lita moja ya maji. Makaa yetu basi ni dhaifu kuliko ya kiwandani, lakini hayakosi faida.

Kuchoma kwenyewe wengi wenu mnakujua, ila kuna tofauti na makaa ya kupikia. Chukua mkebe mkubwa wenye kifuniko cha kubana, ujaze magunzi yaliyokauka sana, toboa tundu dogo moja kwenye kifuniko, kisha uweke mkebe huo katikati ya moto ndani ya pipa. Moshi utatoka kwenye tundu, halafu moshi huo utashika moto. Mwali wa kwenye tundu ukizimika wenyewe, kazi imekwisha. Sasa hapa ndipo watu wanapoharibu: wanafungua upesi ili waone. Makaa ya moto yakikutana na hewa yanawaka, na asubuhi unabaki na majivu. Liache mpaka kesho. Na kazi hii ifanyike nje, kamwe si jikoni, kwa maana hewa ya makaa inaua bila harufu.

Baadaye twanga, halafu chekecha. Unga mwepesi uweke kando, kwa sababu utaziba chujio na kutoka pamoja na maji. Tunataka punje kama za mchanga mnene wa mtoni. Zioshwe mpaka maji yake yaache kuwa meusi. Chini ya ndoo weka kokoto, juu yake mchanga uliooshwa, halafu makaa, shibiri moja au zaidi, kisha mchanga tena na kitambaa. Maji yapite polepole, uzi mwembamba tu. Uchafu unahitaji muda ili ukutane na uso wa makaa. Ukifungua mfereji wote kwa sababu wageni wamekuja, maji yamepita bure.

Na ni taka gani iliyo bora? Kwetu sisi magunzi yanaongoza, kwa sababu ni magumu kiasi, yanatoa punje nzuri, na kila boma linayo baada ya mavuno. Maganda ya mpunga, kwa wale wa Kuja ya chini na Oluch-Kimira, yanafaa pia lakini ni mepesi, yanaelea, lazima yakandamizwe na mchanga. Makapi ya miwa ya Awendo yanatoa makaa laini yanayosagika haraka. Juu ya gugu maji tutasema ukweli hata kama utawaudhi marafiki zetu wa ziwani. Tangu gugu hilo lionekane upande wa Kenya karibu mwaka 1990, kila mtu aliyekuja na semina amesema litatutajirisha. Lakini zaidi ya sehemu 90 katika 100 za gugu bichi ni maji. Ubebe kilo 100 mgongoni, uanike wiki nzima, ubaki na kilo chache zilizokauka, uchome, upate makaa kidogo yenye majivu mengi. Kuna kazi nzuri zaidi za gugu maji. Tena mizizi yake hukusanya madini mazito yaliyomo majini, kwa hiyo lililotoka mahali pachafu si kitu cha kuchezea.

Sasa tufike kwenye yanayoshikwa na yasiyoshikwa.

Makaa mazuri hushika harufu, ladha mbaya, rangi ya majani yaliyooza, na baadhi ya dawa za kunyunyizia mashamba. Hushika risasi kwa kiasi. Hayashiki chumvi, ndiyo maana hakuna makaa yatakayofanya maji ya Simbi Nyaima yanyweke. Aseniki na floraidi makaa ya mimea huyashika kidogo sana. Na vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo hayaviui. Hapo tusimame kidogo. Makaa yakikaa muda mrefu na unyevu, vijidudu vinaweza hata kujenga nyumba juu yake na kuongezeka. Maji yaliyotoka kwenye chujio meupe kama ya mvua yanaweza kumwua mtoto kwa kuhara. Sisi wa pande hizi tumezika watu kwa kipindupindu, hatuhitaji kufundishwa.

Kwa hiyo baada ya chujio lazima maji yatibiwe: yachemshwe, au yatiwe dawa ya klorini ya dukani kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, au yawekwe juani ndani ya chupa safi za plastiki zinazoonyesha, lita moja au mbili, saa 6 za jua kali, na siku 2 kama kuna mawingu. Hapa kuna kosa tunaloliona kila mahali. Mama anatia dawa ya klorini kwanza, halafu anapitisha maji kwenye makaa ili yaondoe ile harufu. Makaa yanakula klorini yote! Dawa imetupwa, na maji yanaingia mtungini bila mlinzi. Makaa kwanza, dawa mwisho. Hata mkisahau mengine yote ya leo, hilo msilisahau. Na mtungi uwe na mdomo mwembamba, kifuniko na mfereji, kama ile mitungi ya udongo ambayo CARE Kenya ilihimiza huko Homa Bay mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kikombe kinachoingizwa na kila mkono kwenye dapi kinarudisha yote tuliyoyatoa.

Wale wa ufuoni mna taabu yenu nyingine. Kuna majira ambapo maji ya ghuba yanakuwa kijani, mazito, kama mtu amemwaga rangi. Huo ni mwani, na aina mojawapo hutoa sumu inayodhuru ini. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mikrogramu 1 tu ya sumu hiyo katika lita ya maji, yaani sehemu moja ya milioni ya gramu. Kuchemsha hakuiondoi. Tena ukichemsha maji yenye mwani wenyewe, unaupasua na sumu iliyokuwa ndani yake inamwagika. Makaa yaliyoamshwa ya kiwandani huishika sumu hiyo vizuri. Yetu ya magunzi huishika kwa kiasi ambacho hatuwezi kuwaahidi. Basi siku za kijani msichote ufuoni. Atakayelazimika achote mbali na utando, kwa mtumbwi, chini ya uso wa maji, achuje mwani kwanza kwa kitambaa na mchanga, halafu makaa, halafu dawa. Ng'ombe pia wasipelekwe kunywa penye utando.

Mifupa ni habari tofauti, nayo tunaipenda. Mifupa ya ng'ombe ikichomwa vizuri inashika floraidi, ile inayofanya meno ya watoto yawe ya kahawia na, ikizidi kwa miaka mingi, inapinda mifupa ya mtu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Katika Bonde la Ufa jambo hili ni la zamani, na wenzetu wa Dayosisi Katoliki ya Nakuru walianza mwaka 1998 kutumia makaa ya mifupa kusafisha maji ya visima. Huko Tanzania, kituo cha Ngurdoto karibu na Arusha kimefanya kazi hiyo hiyo. Kwa nini mifupa? Kwa sababu floraidi inapenda ile chokaa ya fosfeti iliyo ndani ya mfupa, kama inavyopenda mifupa yetu wenyewe. Tunaipa mfupa wa ng'ombe ili iache wa mtoto.

Lakini mfupa una masharti. Ukiuchoma kwa joto dogo unabaki na mafuta, maji yatanuka na kuwa na rangi. Ukiuchoma kwa joto kubwa mno unakuwa mweupe kama chaki, na nguvu yake inapungua. Unaotakiwa ni mweusi au wa kijivu, usio na harufu. Na mjue mapema kama watu wa kwenu watakubali kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa. Wengine hawatakubali, na ndugu zetu Waislamu watataka kujua ni mifupa ya mnyama gani. Waulizeni kabla ya kujenga tanuri. Wale wa karibu na mlima Homa, ambako kuna chemchemi za moto, tunawashauri mpime visima vyenu kabla ya kufanya lolote. Maji yanayotoka kwenye miamba ya volkano mara nyingi hubeba floraidi, na kuchemsha kunaizidisha, kwa maana maji yanapungua na floraidi inabaki.

Haya, turudi Nyatike kwa akina mama wetu.

Dhahabu ya Migori si ya jana. Mgodi wa Macalder ulifungwa mwaka 1966, lakini watu hawakufunga macheo na karai zao. Kutoka Osiri hadi Mikei na Masara, mawe yanasagwa, yanaoshwa, kisha zebaki inatiwa ili iikamate dhahabu. Baadaye lile donge linachomwa, zebaki inakwenda hewani, dhahabu inabaki. Zebaki nyingine inamwagika na matope ya kuoshea, inashuka vijitoni, inaingia Migori na Kuja, na Kuja inaipeleka ziwani. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2002 walipima udongo wa vijito vya eneo hilo la dhahabu wakakuta zebaki, risasi na aseniki.

Kiwango cha zebaki kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.006 kwa lita. Yaani tangi la lita 1,000 lisizidi miligramu 6, kitu ambacho hata kwenye ncha ya kisu hukioni. Haina rangi wala ladha wala harufu. Sasa mnaona taabu ya lile chujio. Tunalipima kwa macho na pua, na zebaki haionekani kwa jicho wala kusikika kwa pua. Tunaweza kutia wino wa bluu kwenye maji, tuyapitishe, na wino ukianza kutoka upande wa pili tujue makaa yamechoka. Hilo ni jaribio zuri kwa rangi na harufu, lifanyeni kila mwezi. Kwa zebaki haliwaambii kitu. Makaa yanaweza kushika sehemu yake, na mchanga unazuia ile iliyoshikana na matope, ambayo mara nyingi ndiyo nyingi. Lakini "sehemu" si neno la kumpa mtoto akanywa.

Kwa hiyo tuliwajibu hapana. Maji ya kidimbwi cha kuoshea dhahabu yasinywewe, yachujwe yasichujwe. Wengine walikasirika, na tuliwaelewa, maana walikuwa wamechanga pesa za ndoo na mifereji na walitaka kuuzia majirani. Mmoja alituuliza kama Musa hakutupa mti ndani ya maji machungu ya Mara yakawa matamu. Tulicheka naye. Lakini Musa alionyeshwa mti ule na Bwana, sisi tumeonyeshwa magunzi na semina.

Ndoo zile hazikutupwa. Zilihamishiwa kwenye maji ya mvua na ya kisima cha juu ya machimbo, ambayo shida yake ni matope, majani na vijidudu, na hapo chujio linafanya kazi yake halali. Kwa mvua tulipiga hesabu pamoja. Paa la mabati la mita 5 kwa 6 ni mita mraba 30. Mvua ya milimita 10, ambayo ni mvua moja nzuri ya jioni, inamwaga juu yake lita 300. Ukipoteza sehemu ya tano kwa mfereji mbovu na maji ya kwanza ya kuosha paa, umebaki na lita 240. Hayo ni madebe 12 ambayo hakuna aliyeyatembelea mtoni. Nyatike mvua ni chache, tunajua, ndiyo sababu chama cha kuzungushiana kingeanza na tangi badala ya vikombe vya sahani. Mabati ambayo yako jirani na mahali donge la zebaki linachomwa yasivunwe maji, kwa kuwa mvuke wake unatua juu ya paa.

Na tukisema kweli, hatari kubwa kwa nyumba hizo inaweza isiwe kwenye maji. Iko kwenye ule mvuke. Donge likichomwa kwenye sufuria ya jikoni, mama mwenye mimba na mtoto mgongoni wanauvuta, na kesho sufuria ile inapika ugali. Hakuna chujio la hilo. Kuchoma kufanyike mbali na nyumba, ndani ya chombo kilichofungwa kinachorudisha mvuke uwe zebaki tena, na chombo hicho kisirudi jikoni kamwe. Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini, samaki wakaila, watu wakala samaki. Ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956, na watoto walizaliwa na ulemavu ilhali mama zao walionekana wazima. Mkataba wa dunia wa kupunguza zebaki, uliokubaliwa mwaka 2013, ulipewa jina la mji ule. Sisi pia tuna ziwa, na sisi pia tunakula samaki.

Jambo la mwisho ni makaa yaliyochoka. Yaliyosafisha maji ya mvua au ya kisima cha kawaida yafukieni shambani. Yaliyopitisha maji ya machimbo, hata mara moja, yasirudi kwenye jiko. Ukiyachoma, zebaki uliyoikamata kwa taabu inaruka na kuingia kifuani. Wala yasiwekwe kwenye sukuma wiki. Wekeni ndani ya mkebe wenye kifuniko, mwandike juu yake, mbali na kisima, mpaka tupate pa kuyapeleka. Ni usumbufu, lakini ndivyo ilivyo: makaa hayali sumu, yanaibeba tu.

Vikundi vinavyotaka kupima maji, mkutano ujao kila kimoja kilete chupa mbili za lita moja, mpya, zilizosuuzwa mara tatu kwa maji yale yale yanayopimwa. Andikeni jina la kisima au kijito, siku, saa, na kama mvua ilinyesha jana yake. Tutazipeleka pamoja kwenye maabara ya serikali Kisumu ili gharama ya safari igawanywe. Wa Nyatike waseme wazi kwamba wanataka zebaki na risasi, na wa Homa Hills waseme floraidi, kwa maana usipotaja, hupimiwi. Kwa zebaki maabara hutoa chupa yao maalumu yenye dawa ndani. Hizo tutawaletea sisi, msizisuuze.